Namba Moja Darasani, na Bado Anahitaji Msaada

Ukiwa na mtoto anayeshika namba moja, ukaingia ofisi ya mwalimu mkuu kusema kwamba mtoto huyo anahitaji msaada, unaonekana umekuja kujigamba. Mwalimu anafungua kitabu cha matokeo, anaweka kidole kwenye wastani, anakuambia: "Mama, wenzako wanakuja hapa kulia kwamba mtoto hajui kusoma. Wewe umejaliwa kipanga. Shida iko wapi?" Shida ipo, na alama hizo ndizo zinazoificha. Naandika kuhusu watoto wenye akili nyingi na usonji, yaani ubongo unaopokea sauti, maneno na watu kwa namna tofauti, kwa wazazi wa Arusha na Moshi ambao watoto wao wanaongoza darasa kisha wanarudi nyumbani wakiwa hoi, wanajifungia chumbani, hawataki kuguswa wala kusemeshwa. Naandika pia kwa walimu wao.

Mwanangu yuko darasa la sita. Kusoma alijifunza mwenyewe kabla hajaanza chekechea, kwa maandishi ya kwenye vifodi, daladala zetu za Arusha, vinavyopita Sanawari na kwenye mifuko ya unga. Anazidisha kichwani namba za tarakimu tatu wakati mimi bado natafuta simu. Mtoto huyohuyo hawezi kupanga mkoba wake asubuhi mpaka aandikiwe kwenye karatasi kianze kipi na kifuate kipi. Sweta la shule analivua likimwasha shingoni, analiacha popote alipo, na hakumbuki tena kwamba aliwahi kuwa na sweta. Mwandiko wake mwalimu anauita "miguu ya kuku". Akiandika ukurasa mmoja mkono unamuuma, kwa hiyo jibu ambalo kichwani lina hatua sita, kwenye daftari linatokea na hatua moja. Pembeni mwalimu ameandika kwa wino mwekundu: njia iko wapi?

Vyote hivyo ni yeye. Ila watu wanataka kuchagua kimoja. Anayetazama hesabu anasema ni mzima, anadekezwa tu na mama yake. Anayetazama siku aliyolia chini ya meza anasema huyu apelekwe shule ya wenye mahitaji maalum. Hakuna anayeuliza kama mtoto mmoja anaweza kuhitaji kazi ngumu zaidi na mazingira mepesi zaidi kwa wakati mmoja.

Jibu tulilipata Moshi, hospitali ya KCMC, baada ya kuzunguka sana. Daktari alituambia ni usonji, akaongeza kwamba miaka ya nyuma kwenye cheti angeandika Asperger. Nimesoma mengi tangu hapo. Hans Asperger alikuwa daktari wa watoto Vienna. Mwaka 1944 aliandika kuhusu wavulana wenye lugha ya kikubwa na ujuzi wa ajabu katika jambo moja, ambao kucheza na wenzao kuliwashinda. Aliwaita maprofesa wadogo. Kabla yake, mwaka 1925, daktari Grunya Sukhareva wa Moscow alikwisha kueleza watoto wanaofanana nao kabisa, na kazi yake ikakaa muda mrefu bila kusomwa. Jina la Asperger lilienea baada ya daktari wa akili Lorna Wing wa Uingereza kuliandikia makala mwaka 1981. Mwaka 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliliondoa, na orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani inayotumika tangu 2022 nayo haina jina hilo. Siku hizi yote huitwa usonji, na tofauti inayotajwa ni kiasi cha msaada anachohitaji mtu.

Kuna jambo lingine ambalo mzazi anayelitumia jina hili anapaswa kulijua. Mwaka 2018 mwanahistoria Herwig Czech alichapisha nyaraka zinazoonyesha kwamba Asperger alishirikiana na utawala wa Wanazi, na kwamba alipeleka watoto kwenye kituo cha Am Spiegelgrund, mahali ambapo watoto wenye ulemavu waliuawa. Wale aliowaona wana manufaa aliwatetea. Nikisikia mzazi mwenzangu anasema, "Wangu ana usonji, lakini ule wa wenye akili," moyo unanigonga. Mtoto wa jirani yetu ana usonji na haongei. Mama yake na mimi tunabadilishana habari za walimu, na sijawahi kuona sababu ya mwanangu kupandishwa ngazi juu ya mwanawe. Nalitaja jina la Asperger hapa kwa sababu bado ndilo wazazi wengi wanalolitafuta, na ndilo lililoandikwa kwenye vyeti vya watoto waliopimwa zamani.

Orodha za dalili tunazozisoma mtandaoni zimetungwa Ulaya na Marekani, na dalili inayotajwa mapema ni kwamba mtoto hakutazami machoni. Hapa kwetu mtoto anayemkazia macho mtu mzima anaambiwa ana jeuri. Mwanangu akiinamisha macho mbele ya mwalimu, walimu walisifia malezi yangu. Kilichomponza ni salamu. Alikuwa anaweza kumpita jirani mlangoni kama anapita nguzo ya umeme. Tukampa kanuni: mtu mzima yeyote, shikamoo mara moja kwa siku. Akauliza utu uzima unaanzia miaka mingapi. Tukamwambia, kama anamzidi dada yako, mwamkie. Sasa akipanda kifodi na konda ana sura ya ujana, anamuuliza kwanza umri wake. Wengi wanacheka wanamjibu, yeye anafanya hesabu, kisha anaamkia au haamkii.

Bibi yake wa Old Moshi ndiye mtu wa kwanza ambaye hakushtuka. Alituambia: "Mwacheni mtoto. Babu yenu alikuwa hivihivi. Alijua kila mbuni ulipandwa mwaka gani, lakini watu wakijaa nyumbani alikuwa anaondoka zake kwenda mgombani mpaka watoke." Watu wa aina hii tunao siku zote. Zamani walikuwa na mgomba wa kujificha. Shule haina.

Nieleze siku moja ya shule, kwa sababu mzazi ambaye hajakaa kwenye hali hii anadhani nazungumzia ukaidi. Asubuhi mchakamchaka, watoto mia kadhaa wanaimba wanakimbia, vumbi limetanda. Kisha usafi wa mazingira, kila mtu na namba yake, mafagio yanaparuza ardhi. Kisha mstarini, ngoma na tarumbeta za bendi ya shule. Kengele ni rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mti na inagongwa na nondo. Kwako na kwangu ni kengele, kwake ni maumivu, na anaanza kuyangoja dakika kadhaa kabla. Ikifika saa mbili, kipindi cha kwanza hakijaanza, mwili wake umeshafanya kazi ya siku nzima. Bado anapata 48 kati ya 50 kwenye hisabati. Hiyo 48 ndiyo inayowafanya wasione kingine.

Kuna siku mwalimu aliingia akakuta darasa lina kelele. Akasimama mlangoni, akasema, "Endeleeni! Endeleeni tu kupiga kelele!" Darasa zima likanyamaza. Mwanangu alikuwa anamweleza mwenzake habari za mataruma ya reli; akaendelea, kwa sauti ileile. Alichapwa kwa jeuri. Usiku aliniambia, hana hasira, anataka tu kuelewa: "Mama, mwalimu alisema tuendelee. Walioacha ndio hawakumtii." Mimi sikuwa na la kumrekebisha katika hoja hiyo. Kanuni za viboko mashuleni zinasema visizidi 4, na achape mwalimu mkuu au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi. Hata kanuni ingefuatwa neno kwa neno, kiboko kile kisingemfundisha kitu isipokuwa kwamba hana njia ya kujua amri ipi ni ya kweli na ipi si ya kweli. Baada ya hapo alikuwa akiambiwa jambo lolote darasani anauliza, "Unamaanisha hivyo?" Na kuuliza huko nako kukaitwa jeuri.

Kesho yake nilikwenda kuzungumza na mwalimu mwingine, wa Kiswahili, mama mmoja mtulivu aliyesomea elimu maalum Chuo cha Ualimu Patandi, pale Tengeru. Huyu alikuwa na tatizo lake naye: mtoto haandiki insha. Akipewa kichwa "Siku nisiyoisahau", anaandika kwamba hasahau siku yoyote, anaweka nukta, anakunja mikono. Mwalimu akamuuliza anapenda nini. Reli. Akamwambia aandike safari ya treni kutoka Tanga hadi Arusha, na kila stesheni aeleze abiria mmoja anayepanda: amevaa nini, amebeba nini, kwa nini anasafiri. Mwanangu stesheni anazijua zote kwa mpangilio, Muheza, Korogwe, Mombo, Same, mpaka Moshi na Usa River. Treni ya abiria iliporudi Arusha mwaka 2020 baada ya miaka mingi ilikuwa sikukuu kwetu. Aliandika kurasa nyingi, kwa mkono uleule unaouma, akipumzika kila baada ya stesheni mbili. Kule Same alipandisha mama aliyebeba kuku, na mama yule alikuwa na wasiwasi kwamba kuku atalia ndani ya behewa na watu watakasirika. Mwalimu alinisomea sehemu hiyo. Watu husema watoto wa namba hii hawajui wenzao wanajisikiaje. Yule mama mwenye kuku anaogopa kelele na anaogopa kukasirikiwa, na aliyemtunga ni mwanangu.

Mwalimu yule hakuwa na kifaa chochote cha gharama. Alikuwa na darasa la watoto zaidi ya 80. Alichofanya kingine ni kumhamishia dawati la ukutani, mbali na dirisha la uwanjani, na kumfanya yeye ndiye wa kugonga kengele katika zamu yake. Anayegonga mwenyewe anajua sekunde ambayo sauti itatoka. Jambo hilo nililieleza baadaye kwa mtaalamu wa tiba kwa vitendo, wale wanaomsaidia mtu kumudu shughuli za kila siku, na alifurahi kuliko mimi. Kwake lilikuwa tiba kamili iliyobuniwa na mwalimu wa Kiswahili.

Nilipoomba arushwe darasa, mwalimu mkuu alikataa, na nikilitazama vizuri nakubaliana naye. Darasa la juu lina kelele zilezile na watoto wakubwa zaidi. Kinachohitaji kurushwa ni somo. Sasa Jumamosi anafundishwa hisabati za kidato cha pili na kijana mmoja wa chuo, na shuleni anabaki na rika lake, akiwemo rafiki yake mmoja anayependa magari. Kumwacha afanye hesabu za darasa la sita tu ni kumtesa kwa namna nyingine: akichoshwa na kazi nyepesi anaanza kusahihisha walimu. Mmoja aliandika ubaoni kwamba Kilimanjaro ina mita 5,985, naye akasema mbele ya wote ni 5,895, na kwamba kosa hilo limeuongezea mlima mita 90. Alikuwa sahihi, na mwalimu hakumsemesha kwa muda mrefu.

Wasichana nawataja kwa ufupi kwa sababu sina binti wa namba hii, lakini wataalamu wanakubaliana kwamba wengi wao hupimwa wakiwa wamechelewa, au hawapimwi kabisa. Wanaiga wenzao, wanakaa kimya, wanaitwa wapole. Mwalimu mwenye binti mpole sana anayeongoza darasa na hana rafiki hata mmoja, amtazame mara ya pili.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto haki ya kusoma pamoja na wenzake na kupata msaada humohumo. Kwenye utekelezaji tumepewa milango miwili. Upo mlango wa vitengo vya elimu maalum ndani ya baadhi ya shule za msingi, ambako walimu wana moyo lakini masomo yamepangwa kwa watoto wanaojifunza kushika kalamu na kuvaa viatu. Upo mlango wa darasa la kawaida, ambako ukishafaulu huulizwi kitu kingine. Shule binafsi za mchepuo wa Kiingereza zina madarasa madogo, na kwa wenye uwezo wa ada hilo ni nafuu kubwa. Lakini tulipojaribu moja, walimpokea kwa shangwe kwa sababu ya alama zake, kisha wakatueleza kwamba darasa la saba lote hukaa kambi, bweni lazima, prepu usiku mpaka saa nne na alfajiri tena. Serikali ilizuia bweni kuanzia elimu ya awali hadi darasa la nne mwaka 2023, nami nilishukuru. La saba halimo. Niliomba awe anarudi nyumbani kulala. Wakasema itavunja nidhamu ya wengine.

Na hapo ndipo linapokuja jambo linaloninyima usingizi. Nchi yetu ina shule za sekondari za vipaji maalum: Ilboru, Kibaha, Mzumbe na Tabora kwa wavulana, Kilakala, Msalato na Tabora kwa wasichana. Wanaokwenda huko wanachaguliwa kwa alama za mtihani wa darasa la saba, masomo sita, jumla 300. Ilboru iko hapahapa Arusha. Kutoka nyumbani kwetu tunaweza kutembea kwa miguu. Kama kuna mtoto ambaye shule ya vipaji ilianzishwa kwa ajili yake, ni huyu. Lakini ili akae kwenye darasa lile, lazima kwanza alale bweni: vitanda vya deka, matranka yanayoburutwa, taa zinazozimwa na kuwashwa kwa ratiba ya wengine, bafu la pamoja, na bwalo. Makande anayala kwa kutenga, kwanza mahindi yote, halafu maharage, na yakiwa yamepondeka hayagusi. Nyumbani tunampa muda. Bwaloni kengele ikilia sahani inanyanyuliwa.

Bweni limejenga watu wengi, najua. Wapo wanaolikumbuka kwa mapenzi mpaka leo. Ninachosema ni kwamba uwezo wa kulala chumba kimoja na wenzako wengi si kipaji cha hisabati, na mtihani wa darasa la saba haumpimi mtoto kwa hilo. Ikiwa tunachagua kwa kipaji, basi kisiwekwe kizingiti kisichohusiana na kipaji. Shule ya vipaji ingekuwa na nafasi chache za kutwa kwa watoto wa karibu wenye barua ya daktari. Ingekuwa na chumba kimoja kidogo cha utulivu, chenye mlango unaofungika. Mwalimu mmoja aliyepita Patandi angewekwa pale rasmi, kwa sababu kwenye shule inayokusanya watoto wenye alama za juu kuliko wote nchini, siamini kwamba wa aina ya mwanangu ni yeye peke yake.

Kuhusu mtihani wenyewe kuna mwanya ambao wazazi wengi hawaujui. Baraza la Mitihani huagiza watahiniwa wenye mahitaji maalum waongezewe dakika 20 kwa kila saa kwenye hisabati na dakika 10 kwa kila saa kwenye masomo mengine. Wanaotajwa kwenye matangazo ni wasioona, wenye uoni hafifu, wenye ulemavu wa kusikia, wa akili, wa viungo. Mtoto mwenye akili nyingi na mkono mzito anaonekana hana pa kuingia. Mwende kwa mwalimu mkuu mapema, kabla ya usajili wa darasa la saba, mkiwa na ripoti ya hospitali inayotaja kwa maneno ya wazi kwamba mtoto anaandika polepole na kwa maumivu. Jina la usonji peke yake halimwelezi msimamizi wa chumba cha mtihani afanye nini.

Nilidhani uamuzi wa sekondari ungekuwa wetu, mimi na baba yake, na tulishakubaliana: shule ya kata ya kutwa, Jumamosi aendelee na kijana wake wa hisabati. Wiki iliyopita tulimweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema anataka Ilboru. Mtu fulani kanisani alimwambia kwamba kule wapo wavulana wanaobishana kuhusu namba usiku kucha na hakuna anayewacheka. Amelifikiria bweni pia. Ameandika orodha ya maswali: kama mtu anaruhusiwa kuvaa viziba masikio akilala, kama kitanda cha juu cha pembeni kinaweza kuombwa, kama Jumapili anaweza kuja nyumbani kula, na kama kengele inagongwa na mwanafunzi, na mwanafunzi huyo anachaguliwaje.

Kwa hiyo barua niliyokuwa nimewaandikia Ilboru nimeibadilisha. Ilikuwa inaomba asilale bweni kabisa. Sasa naomba majibu ya maswali yake yote, nimeyanakili kama alivyoyapanga, nimeambatanisha ripoti ya Moshi na insha ya treni.